Vani inanuka petroli: fundi wa Gerezani na mpira wa Minnesota

Walioko nyumbani hudhani Marekani gari bovu haliruhusiwi kukanyaga lami. Hapa Minnesota gari binafsi halina ukaguzi wa lazima wa kila mwaka, na chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa barafu hula chuma msimu mzima. Vani ya familia ikifika miaka 15, mabomba ya petroli yanayopita chini yake huwa yameliwa na kutu, hasa kwenye klipu za plastiki ambako matope ya chumvi hujificha. Dar adui ni joto. Noah za zamani, zile ambazo injini imekaa chini ya viti vya mbele, hupika mipira yake ya mafuta mpaka ikakauka na kupasuka.

Kwa maoni yangu, kwenye kutafuta na kutengeneza uvujaji, fundi wa nyumbani anamshinda wa huku. Kinachomwangusha ni mpira wa mafuta anaoletewa.

Gereji ya huku ikiona bomba moja limeoza, hutaka kubadilisha mabomba yote, na pengine kushusha tangi. Boliti za mikanda ya tangi zina kutu, zinakatika, na saa moja ya kazi mara nyingi hupita dola 100. Kwa gari la umri huo, bili inaweza kuishinda bei ya gari lenyewe. Fundi wa Gerezani, pale Dar es Salaam, huanza kwa kuuliza: inanuka lini? Swali hilo ni nusu ya kazi. Ikinuka ukishajaza tangi tu, angalia mpira wa shingo ya kujazia au sili ya pampu juu ya tangi. Ikidondoka injini ikiwaka na kukoma ukizima, ni bomba lenye presha. Ikidondoka hata gari likilala, ni tangi lenyewe au mpira ulio chini yake. Na ikinuka asubuhi ya baridi kali kisha ikaacha injini ikipata moto, shuku oringi (vimpira vya duara) za nozeli, zile zinazonyunyizia petroli kwenye injini: zimekakamaa. Hili la mwisho Dar hulioni.

Usisubiri taa ya injini ikuambie. Kodi za hitilafu P0442 na P0455, zinazosomwa na mashine ya kupimia gari, zinahusu mvuke unaotoroka, mara nyingi kwenye kifuniko cha tangi au mipira ya mvuke. Bomba la presha linaweza kumwaga petroli chini na taa isiwake.

Ukishapajua panapovuja, toa presha kwanza: chomoa fyuzi ya pampu ya mafuta, washa injini mpaka izime yenyewe, piga stata tena sekunde chache, kisha toa waya wa hasi wa betri. Fanya kazi nje, tangi likiwa chini ya robo, gari likiwa juu ya stendi na si jeki peke yake. Mwanga uwe wa tochi ya LED. Balbu ya kawaida ikidondokewa na petroli inaweza kupasuka na kuwasha moto. Kizima moto cha unga kiwe karibu. Bomba likatwe kwa kikata bomba cha kuzungusha, kamwe si kwa grainda, na ukate mpaka ufikie chuma safi. Ukiunga kwenye chuma kilichooza nusu, utarudi chini ya gari baada ya wiki chache. Kipande kipya cha shaba na nikeli, milimita 8 kwa vani nyingi, hakishiki kutu kama chuma.

Sasa sabuni. Kusugua sabuni ya mche kwenye ufa wa tangi si ushamba: petroli haiiyeyushi sabuni, na ndani ya tangi hakuna presha ya maana, kwa hiyo itakufikisha gereji. Kwenye bomba lenye bar 3 itatemwa papo hapo. Ninalolipinga kwa nguvu zote ni kuchomelea tangi “lililokauka”. Tangi tupu ni hatari kuliko lililojaa, maana mvuke uliobaki umeshachanganyika na hewa.

Turudi kwenye mpira, ule unaounga kipande kipya na bomba la zamani. Unaofaa kwa injini ya nozeli umeandikwa ubavuni SAE 30R9, alama ya kiwango cha mipira ya mafuta. Ulioandikwa 30R7 ni wa presha ndogo, wa kabureta, na usio na maandishi yoyote hujui ni wa maji au wa nini. Mpira wa maji, petroli huuvimbisha na kuulainisha. Klipu nazo ziwe zile zenye kingo zilizokunjwa, zisizokata mpira, na mpira ulale juu ya bomba sentimita 2.5 kila upande, mbali na eksosi. Injini za D-4, zile za Toyota zinazonyunyizia petroli moja kwa moja ndani ya silinda, zisiguswe kwa njia hii baada ya pampu ya presha kubwa: presha pale inaweza kupita bar 100, hakuna mpira huu wa kuihimili. Ukimaliza, rudisha fyuzi na waya wa betri, fungua swichi mara tatu bila kuwasha, ukague kwa tishu kavu.

Anayerudi likizo Desemba, mita mbili za 30R9 na klipu kumi hazijazi begi. Pampu iliyokwisha kutumika iache: yenye mabaki ya petroli hairuhusiwi ndegeni.