Matishari ya Hitler hayakuwa kiini macho

Wengi hushikilia kwamba mpango wa Hitler wa kuivamia Uingereza mwaka 1940, ule ulioitwa Simba wa Baharini, ulikuwa wa kutishia tu: Waingereza waogope, waombe amani, naye ageukie Urusi. Hata mimi niliamini hivyo miaka mingi. Matishari ndiyo yaliyonibadilisha.

Nimekulia jirani na bandari, na tishari nalijua. Tumbo pana, kina kifupi, mara nyingi halina hata injini, linakokotwa na tagi. Wajerumani walikusanya zaidi ya 2,000 kutoka mto Rhine na mifereji ya Uholanzi na Ubelgiji. Mengi wakayakata pua na kuyatia milango ya kuteremshia askari, magari na farasi; mengine wakayamwagia zege sakafuni yapate kubeba vifaru. Hayo ndiyo yaliyokuwa yakibeba makaa ya mawe na madini ya chuma ya viwanda vyao wenyewe, katikati ya vita. Hakuna anayeezua paa la nyumba yake ili amtishe jirani.

Walioandaa, basi, walidhamiria. Hitler mwenyewe je? Amri yake Namba 16, ya tarehe 16 Julai, inasema uvamizi uandaliwe na, ikibidi, utekelezwe. Hilo “ikibidi” nalipa uzito mkubwa. Siku tatu baadaye alisimama bungeni Berlin akiwataka Waingereza waache vita. Tarehe 31 Julai, katika kikao kilekile kilichojadili uvamizi, akawaambia majenerali wajiandae kuipiga Urusi mwaka unaofuata. Naamini alitaka kuvuka bahari nyembamba iliyo kati ya Ufaransa na Uingereza, ila kwa sharti kwamba ndege zake ziwashinde Waingereza kwanza angani, na bahari ibaki kazi ya kumalizia tu.

Na bahari hiyo jeshi la nchi kavu lilikuwa likiipangia kama mto mpana! Mtu wa pwani ataona kosa mara moja. Matishari yale yangekokotwa usiku kwa mwendo wa mtu atembeaye kwa miguu, kukiwa na mkondo mkali, yafike ufukweni maji yakianza kupwa, yakwame mchangani saa kadhaa yakingoja maji yajae tena, wakati manowari za Kiingereza zinakuja. Admirali Raeder, mkuu wa jeshi la majini la Ujerumani, alilijua hilo na hakulificha. Aprili mwaka huohuo alikuwa amepoteza manowari 10 za aina ya destroya huko Narvik peke yake. Matishari hayo angeyalinda kwa meli zipi?

Tarehe 17 Septemba Hitler aliahirisha bila kutaja siku. Oktoba akasogeza hadi majira ya kuchipua, na matishari yakaanza kurudishwa mitoni. Vifaru vilivyokuwa vimezibwa visiingie maji, tayari kutembea chini ya bahari hadi fukwe za Uingereza, navyo vikapata kazi: alfajiri ya tarehe 22 Juni 1941 vilizama katika mto Bug na kuibukia ng’ambo, upande wa Warusi.