Bunduki ya raia na ya askari: Texas na kwetu Tanzania

Tangu nihamie Texas, ndugu zangu wa nyumbani wananiuliza: kweli raia wa huko ananunua bunduki ya jeshi dukani? Kisheria, hapana. Lakini anachoruhusiwa kununua kinaikaribia mno, na mimi hilo silikubali.

Bunduki iliyojaa madukani huku ni AR-15. Ukiilaza kando ya M4 ya mwanajeshi, asiyezoea silaha hatazitofautisha: umbo lilelile, magazini ya risasi 30, hata kipenyo cha risasi ni kilekile. Tofauti kubwa imo ndani. M4 inaweza kutoa risasi kadhaa kwa mvuto mmoja wa kifyatulio. AR-15 hutoa moja kila kinapovutwa. Sheria ya Marekani imesimama juu ya kitofauti hicho. Bunduki za mfululizo, yaani za namna ya M4, zilibanwa tangu 1934, na zilizotengenezwa baada ya Mei 1986 raia haruhusiwi kuzimiliki. Ile ya risasi mojamoja, hata kijana wa miaka 18 anajaza fomu dukani na rekodi zake zinaangaliwa; mwenye miaka 21 na zaidi mara nyingi anaondoka nayo siku hiyohiyo. Akiinunua kwa mtu binafsi, hapa Texas hata kuangaliwa rekodi si lazima.

Mwaka 2017 muuaji aliyeshambulia tamasha la muziki Las Vegas alifunga kwenye bunduki zake za kiraia kitako maalumu kinachocheza mbele na nyuma, zikamimina risasi karibu kama za kivita. Zaidi ya watu 50 waliuawa. Serikali ikapiga marufuku kifaa hicho, lakini mwaka 2024 Mahakama ya Juu ikaitengua marufuku hiyo: kifyatulio bado kinafanya kazi upya kwa kila risasi, kwa hiyo hiyo si bunduki ya mfululizo. Kwa herufi za sheria majaji walikuwa na hoja. Waliokuwa wamelala chini kwenye uwanja ule wa muziki, hoja hiyo ingewasaidia nini?

Na anayedhani silaha ya raia daima ni hafifu ajue hili: risasi zinazopanuka mwilini zilikatazwa vitani na Azimio la The Hague la 1899, ila mwindaji wa huku anazinunua kihalali.

Kwetu mstari umepita pengine. SMG, bunduki ya mfululizo, ni ya askari, basi. Itifaki ya Nairobi ya 2004, ambayo Tanzania imo, inataka raia wasimiliki bunduki za mfululizo wala za nusu otomatiki kama AR-15. Anayetaka bastola anaulizwa anaitaka ya nini, na anachunguzwa yeye mwenyewe kabla ya leseni. Wafanyakazi wenzangu wananiambia huko ni kumnyima mtu haki, wakitaja Marekebisho ya Pili ya Katiba yao, yanayolinda haki ya raia kuwa na silaha. Nawaelewa wanaoishi mbali na kituo cha polisi. Bado naona kumwuliza mtu sababu ni haki ya majirani zake.

Hata kwetu pana kazi. Magobore yanatengenezwa vijijini kienyeji, na silaha za vita vya Burundi na Kongo zimevuka hadi Kigoma na Kagera, zikatumika kuteka mabasi. Leseni haimgusi mwenye silaha ya namna hiyo. Ningependa kampeni za kusalimisha silaha kwa hiari ziendeshwe mwaka mzima kule mpakani, na anayeileta asiogope kushtakiwa.