Shangazi hahitaji chuma cha kisasa, anahitaji kinachofaa mfupa wake

Shangazi yangu wa Majengo ana miaka 78 na nyonga imemwisha kabisa. Hospitali moja ya binafsi hapa Mombasa imemwambia abadilishiwe nyonga kwa chuma kinachopachikwa ndani ya mfupa wa paja, na kwamba chuma cha simiti, yaani kinachoshikwa kwa simiti maalumu ya mifupa, kimepitwa na wakati, awekewe kisicho na simiti, ambacho ni cha kisasa na bei yake iko juu. Binamu zangu tayari wanachangisha. Wallahi nimekasirika.

Nimeiona eksirei yake. Kuta za mfupa wa paja zimebaki mistari miwili myembamba, na uwazi wa katikati umepanuka. Chuma kisicho na simiti hugongwa kwa nyundo mpaka kibane, kisha hungojewa mfupa umee na kukishika. Mfupa uliokonda hivyo ukigongwa waweza kupasuka pale pale mezani, au paja livunjike wiki chache baadaye mzee akianza kutembea. Rejista za Uingereza na Skandinavia, zinazoorodhesha waliobadilishiwa nyonga, zinaonyesha hivyo mwaka baada ya mwaka: kwa wazee, paja huvunjika mara chache zaidi chuma kikishikwa kwa simiti.

Na huo upya wanaousifu si hoja. Chuma kiitwacho Exeter, cha kushikwa kwa simiti, kilianza Uingereza mwaka 1970, kimechongoka na kung'arishwa kama kioo. Mwaka 1976 wakakifanya kiwe na uso usiong'aa. Vikalegea zaidi. Mwaka 1986 wakarudia kuking'arisha, kwa sababu kikiwa laini hushuka kidogo sana ndani ya simiti na kila hatua ya mgonjwa inazidi kukikaza. Mpaka leo wazee wanatembea nacho.

Haya, simiti nayo ina hatari yake. Inaposukumwa ndani ya paja, presha yaweza kushuka ghafla, na mwenye moyo dhaifu aangaliwe kwa makini. Kijana wa selimundu ambaye nyonga imekufa mapema, huyo ni habari nyingine; sitabishana na daktari wake akichagua kisicho na simiti.

Lakini mzee wetu aelezwe kwa mfupa wake, si kwa mwaka wa chuma. Nyinyi mlio na wazee nyumbani, ulizeni kabla ya kulipa: ni chuma gani, na kwa nini hicho? Baada ya upasuaji ombeni nakala ya zile stika za chuma zinazobandikwa kwenye faili. Kikihitaji kubadilishwa siku moja, daktari atakayemfungua lazima ajue anakwenda kutoa nini.