LSAT: kosa haliko kwenye karatasi ya mtihani

Kila shahidi aliyeitwa alifika mahakamani. Hamisi alifika mahakamani. Je, Hamisi ni shahidi aliyeitwa?

Wengi watasema ndiyo kabla hata hawajamaliza kusoma. Lakini hatujui. Huenda alikuja kumsindikiza ndugu yake tu. Maswali ya namna hii, marefu zaidi na yenye mitego mingi zaidi, ndiyo yaliyojaa kwenye LSAT, mtihani wa kuomba nafasi katika vyuo vya sheria vya Marekani tangu 1948. Sehemu moja huwa na maswali kama 25 kwa dakika 35, na alama zinaanzia 120 hadi 180.

Je, mtihani wa namna hii uendelee kuwa lazima? Novemba 2022, baraza la chama cha mawakili cha Marekani (ABA) linalosimamia elimu ya sheria lilipitisha pendekezo la kuviruhusu vyuo kudahili bila mtihani. Februari 2023 wajumbe wa chama hichohicho wakalikataa.

Wanaoupinga mtihani wana hoja nzito. Mwenye uwezo hulipia mwalimu na kujifungia miezi kadhaa akisoma, huku mwenzake akifungua kitabu usiku baada ya kutoka kazini, macho yameshachoka. Tena mtihani wenyewe umewahi kuwakosea watu waziwazi. Kwa miaka mingi ulikuwa na sehemu ya mafumbo ya mpangilio (nani akae karibu na nani, nani atangulie), ambayo watahiniwa wengi waliyafumbua kwa kuchora michoro. Mtu asiyeona afanyeje hapo? Mmoja wao alikwenda mahakamani, mwaka 2019 pande mbili zikapatana, na Agosti 2024 mafumbo yakaondolewa. Hebu fikiria ni wangapi walipimwa macho wakadhani wamepimwa akili.

Pamoja na hayo, siungi mkono kuufuta. Marekani sheria husomwa baada ya shahada ya kwanza, na shahada hiyo inaweza kuwa ya fani yoyote. Mezani kwa mdahili kuna mhitimu wa fizikia, wa historia na wa muziki, kila mmoja katoka chuo chenye ukali wake wa kusahihisha. Atawalinganishaje? Mtihani ukiondoka, kitakachobaki na nguvu ni jina la chuo alikotoka mwombaji, barua za mapendekezo kutoka kwa watu wenye vyeo, na insha ya maelezo binafsi ambayo mwenye fedha anaweza kumlipa mtu aihariri. Mwaka 2022 wakuu wa vyuo vya sheria karibu 60 walipinga pendekezo lile kwa hofu inayofanana na hii. Kwa kijana aliyesoma chuo kisichojulikana, alama ya 170 ni ushahidi ambao hakuna anayeweza kuupuuza.

Kwa hiyo mimi natazama zaidi kinachofanyika baada ya alama kutoka. Orodha ya U.S. News, inayopanga vyuo kwa ubora, hutazama alama ya katikati ya darasa linaloingia. Ili kuipandisha, vyuo vingi huwapunguzia ada waombaji wenye alama za juu, wawe na shida ya fedha au wasiwe nayo. Novemba 2022 vyuo vya sheria vya Yale na Harvard viliacha kushiriki katika orodha hiyo, na ufadhili huu wa kuangalia alama ulikuwa sehemu ya malalamiko yao. Uzito wa alama hizo katika orodha ukapunguzwa baadaye, lakini mtindo wa kutoa ufadhili kwa kuangalia alama bado upo.

Kama ningepewa nafasi ya kurekebisha jambo moja, ningeanza hapo: mtihani utumike kuamua nani anaweza kuyamudu masomo, na punguzo la ada litolewe kwa kuangalia hali ya mfuko wa mwanafunzi. Kwa sasa mwenye 158 na mwenye 170 wanaweza kuketi benchi moja, wa kwanza amekopa ada yote, na fedha zake ndizo zinazofidia punguzo la jirani yake.