Nyumba Njema Si Mlango: Sensa na Mali za Watu wa Pwani

Kenya ilipofanya sensa yake ya kwanza kwa tableti badala ya karatasi, usiku wa tarehe 24 Agosti 2019, karani hakuhesabu vichwa tu. Aliuliza paa ni la nini, ukuta na sakafu ni vya nini, maji yatoka wapi, mwapikia nini, taa mwawashia nini. Kisha akasoma orodha: redio, televisheni, kompyuta, intaneti, baiskeli, pikipiki, gari, friji. Mshahara hakuuliza. Kwa majibu hayo wapangaji wa serikali hukisia nani ana uwezo na nani hana. Sensa ijayo, kwa mzunguko wa miaka kumi, ni ya 2029, na mjadala uliopo ni kama maswali ya mali yaongezwe, yaachwe yalivyo au yaondolewe kabisa.

Wanaotaka mali ihesabiwe wana hoja nzito, na watu wa Lamu ndio wangepaswa kuisikiliza kwanza. Sensa ile ilipata watu 47,564,296 nchi nzima, na Lamu 143,920. Kanuni ya tatu ya kugawia kaunti fedha, iliyopitishwa na Seneti mwaka 2020, iliupa wingi wa watu asilimia 18, umaskini asilimia 14, na fungu la sawa kwa sawa asilimia 20. Kaunti ya watu wachache haiwezi kushinda kwa vichwa. Haina budi kuonyesha watu wake wanaishi vipi.

Umaskini wenyewe hupimwa kwa uchunguzi wa matumizi ya kaya, kama ule wa 2015/16 uliopangwa kufikia kaya takriban 24,000 kote nchini. Sampuli ya kiasi hicho yaweza kuizungumzia Lamu kama kaunti. Haiwezi kuizungumzia wadi ya Basuba wanakoishi Waaweer, jamii ndogo ya wawindaji wa jadi, wala kuilinganisha Faza ya kisiwani Pate na Mpeketoni ya bara. Sensa ndiyo inayobisha hodi kila mlango, kwa hiyo wataalamu huoanisha viwili. Maswali yale yale huulizwa kwenye uchunguzi na kwenye sensa. Uchunguzi huonyesha kaya yenye paa la aina hii, choo cha aina hii na elimu ya kiasi hiki hutumia fedha ngapi, kisha uhusiano huo hupelekwa kwenye kila kaya iliyohesabiwa. Hivyo ndivyo ramani ya umaskini ya Kenya ilivyochorwa kwa sensa ya 1999 na uchunguzi wa mwaka 1997. Futa maswali ya mali kwenye sensa, na hakuna tena cha kuoanisha. Hazina ya Usawazishaji ya Kifungu 204 cha Katiba, nusu asilimia ya mapato yanayokusanywa na serikali ya kitaifa kwa ajili ya maji, barabara, afya na umeme katika maeneo yaliyoachwa nyuma, nayo itagawanywa kwa kumfuata mwenye sauti kubwa.

Tatizo huanza pale vitu vinapogeuzwa kuwa alama. Kila kitu huandikwa ndiyo au hapana, halafu kompyuta hukipa uzito kwa kuangalia vitu gani huandamana. Kaya zenye friji zikiwa kwa kawaida pia zina umeme na sakafu ya saruji, vyote vitatu hupanda pamoja. Kitu ambacho kila mtu anacho, au ambacho karibu hakuna aliye nacho, hakipati uzito wa maana. Alama zikishajumlishwa, kaya hupangwa kutoka chini hadi juu na kukatwa mafungu matano. Ni hesabu safi. Lakini uzito huo ukitokana na nchi nzima, Nairobi na Bonde la Ufa ndizo zinazoamua utajiri unafanana na nini.

Chukua paa la makuti. Kwenye fomu ni jibu moja tu. Huko Shela, kisiwani Lamu, makuti yamefunika nyumba za ghorofa zinazokodishwa kwa wageni. Kilomita chache ndani kutoka Malindi, makuti hayo hayo yamefunika chumba kimoja cha udongo ambacho hakijabadilishiwa paa kwa kuwa fedha hazikupatikana. Au chukua gari. Katika vichochoro vya Mkomani, mtaa wa mji wa kale wa Lamu, gari halipiti, kwa hiyo tajiri wa mji hana, na fomu inamsoma kama asiye nalo kwa ufukara. Mtaji wake u majini, na orodha ya namna hii humwona mwenye pikipiki upesi kuliko mwenye mashua yenye mashine. Punda naye huhesabiwa pamoja na ng'ombe na mbuzi kama mfugo, ilhali Lamu punda ndiye lori: ndiye abebaye mawe, mchanga na mitungi. Mwenye punda sita ana biashara ya uchukuzi.

Mtu akiingia ndani ya nyumba ya mawe ya Lamu, mambo huzidi kugawanyika. Kaya, kwa maana ya sensa, ni watu wanaokaa pamoja, wanaomtambua mkuu mmoja na wanaokula chungu kimoja. Mama yuko chini; binti aliyeolewa kapewa orofa ya juu, kwa ada ya mji, na anapika kwake. Hizo ni kaya mbili. Friji ni moja, iko kwa mama, na samaki wa binti wamo humo. Karani ataandika friji kwa mama na "hapana" kwa binti. Mkuu wa kaya ya juu ataandikwa mume, na nyumba itasomeka ni yao wenyewe, ingawa mume kahamia kwa mkewe na hana hata jiwe moja humo. Dhahabu ya mke na zamu yake ya upatu haziulizwi mahali popote.

Malindi ina ugumu wa aina yake, nao ni wa ardhi. Katika ukanda wa maili kumi kandokando ya bahari kuna wengi waliojenga kwenye ardhi isiyo na hati mikononi mwao. Asiye na hati hajengi kwa mawe hata akiwa na fedha, kwa kuwa ukuta wa mawe ukibomolewa hasara ni kubwa. Kwa hiyo ukuta wa udongo hapo unapima hofu kabla ya kupima kipato. Swali la kama nyumba ni yako au umepanga halilioni hilo, na minazi, ambayo kwa mila ya Pwani yaweza kuwa ya mtu mmoja na ardhi ikawa ya mwingine, haimo kabisa.

Wapinzani wa kuhesabu mali, hata hivyo, hawaanzii kwenye vipimo. Wanaanzia kwenye sitara. Kifungu 31 cha Katiba kinamlinda mtu asidaiwe habari za faragha za familia yake pasipo haja. Sheria ya Takwimu ya 2006 inalinda majibu ya sensa, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 ikaongeza uzito. Lakini karani kwa kawaida ni kijana wa mtaani. Anajua njia na anaaminika, na ni yuyo huyo ambaye mtu hataki ajue. Mwenye nacho huficha kwa kuogopa kodi na kijicho. Asiye nacho huficha hata redio akidhani jina lake litaingia kwenye orodha ya msaada. Makosa yote mawili yanashusha hesabu, kwa hiyo hayafutani. Na visiwa vidogo vina hatari nyingine: pale ambapo boti yenye mashine ni mbili tu katika kata ndogo nzima, jedwali likichapishwa wanakijiji wanajua ni za nani.

Kwa maoni yetu sensa iendelee kuuliza vitu, isiguse fedha. Kipato, dhahabu na madeni viachiwe uchunguzi wa sampuli, wenye makarani wanaorudi nyumba ile ile katika kusi na katika kaskazi, maana mvuvi wa Agosti, chombo kikiwa kimepandishwa kutiwa kalafati, si mvuvi wa Januari. Orodha ya sensa ipate chombo cha bahari na aina yake, mashine, punda wa kazi, jabia au tangi la maji, na iulize idadi, si ndiyo na hapana peke yake. Umiliki wa nyumba utenganishwe na umiliki wa ardhi. Uzito wa alama ukokotolewe mbalimbali kwa mji na kwa shamba kabla ya kuunganishwa. Jedwali lenye kaya chache mno kwenye kata ndogo liunganishwe na la jirani kabla halijatoka.

Na fomu ijaribiwe Kizingitini, kisiwani Pate, na pembezoni mwa Malindi mapema, wakati bado inaweza kubadilishwa. Makarani wakishapewa tableti, swali lililosahauliwa halina tena mahali pa kuingia, na litangoja miaka kumi mingine.