Shemeji, Nibonyezee Hii Tairi

Nianze na baiskeli yenyewe, ya shemeji yangu Mbelgiji, ili tuelewane. Haina karia. Haina madigadi. Haina kengele wala taa wala stendi, hata yale matundu ya kufungia chupa ya maji yamezibwa na vijiskrubu, na bei yake ni euro elfu sita, hela ambayo kwetu unanunua bodaboda tano mpya na ya mafuta inabaki. Na kazi yake, hapa msome taratibu, kazi yake ni kupelekwa shambani kwenye tope kipindi cha baridi kali, halafu mwenye nayo anashuka, anaibeba begani, anapanda nayo mlima huku anakimbia.

Anaibeba yeye!

Mimi ni mtu wa Shinyanga jamani. Kwetu baiskeli ndo inabeba mtu. Baba yangu alikuwa na Phoenix nyeusi ya Mchina, ile ya breki za vyuma, imebeba magunia ya pamba, imebeba mbuzi, imebeba mama kwenda kunizaa mimi, na ile siku inamrudisha kutoka hospitali walikuwa watatu juu yake na debe la dagaa kwenye hendeli. Sikuwahi hata siku moja kumuona mzee kaiweka begani. Angeonekana hivyo wangeitwa ndugu.

Sasa mapenzi yakanileta Ubelgiji, huku Gent, nikaoa kwa Waflemi, wale Wabelgiji wanaoongea Kiholanzi, watu wazuri sana sina neno, ila kaka yake mke wangu ana ugonjwa unaitwa saiklokrosi, mbio za baiskeli za kwenye tope. Wenyewe wanaita veldrijden, yaani kuendesha shambani, hata jina linakwambia kabisa kwamba hapa barabara haihusiki. Shemeji (hilo neno alilishika siku ya harusi kule Shinyanga, ndo Kiswahili chake chote, hilo na "twende") msimu ukianza tu Septemba mpaka mwezi wa pili hana habari na mtu. Na wenzie wanne. Kila Ijumaa usiku wanakutana gereji kwake kuonyeshana baiskeli, na mimi kwa kuwa ni shemeji lazima niwepo, nakaa kwenye ndoo nimeshika kahawa.

Cha kwanza wanapima uzito. Wana kamizani ka kuning'iniza, mnakumbuka mizani ya pamba pale chama cha ushirika? Ndo hiyo hiyo ila ndogo, ya betri. Baiskeli inatundikwa, watu wazima watano wanabana pumzi, namba inatoka: kilo nane nukta moja. Mmoja anaguna. Mmoja anasema ya kwake ni saba nukta tisa. Shemeji akanuna wiki nzima, dada yake, yaani mke wangu, akadhani nimemkosea mimi. Ijumaa iliyofuata karudi na skrubu za titani, chuma chepesi, vile vijiskrubu vya kuziba matundu ya chupa, amepunguza gramu sijui ngapi, kaniwekea mkononi nisikie. Nimesikia nini sasa? Nimeshika skrubu! Na jamaa mwenyewe Krismasi alikula kilo mbili za nyama peke yake, hizo mbona hatukumtundika.

Halafu picha. Hapo ndo utajua watu wana muda. Baiskeli haipigwi picha ovyo, ni kama bibi harusi, lazima upande wa cheni ndo uangalie kamera, ukipiga ule upande mwingine wanakuangalia kama umempiga picha mtu anakula. Valvu zote mbili ziwe chini kabisa, mkono wa pedeli ukae mstari mmoja na bomba la fremu, cheni iwe kwenye gia fulani, na isionekane imeegemea kitu, kwa hiyo kuna mtu anaishika, anahesabu moja mbili tatu, anaiachia, picha inapigwa, anaidaka kabla haijaanguka. Huyo mtu ni mimi. Nimesoma mpaka chuo kikuu ndugu zangu.

Nikauliza siku moja, kiroho safi kabisa, mbona mnaipiga picha ikiwa safi wakati kesho inaenda kuoga tope? Wakasema ndo maana. Nikasema kama kuna tope si mngeweka madigadi? Kimya. Mmoja akanishika bega kwa huruma, kama vile unavyomshika mtoto anayeuliza bibi aliyefariki anarudi lini.

Ila kimya kikubwa nilikisababisha mezani kwa baba mkwe. Nilikuwa nataka kuchangia mada tu, nikasema nyie mnateseka bure, mngeweka kamota kadogo humo ndani ya bomba, nani atajua. Aisee. Uma zilisimama hewani. Mama mkwe akaondoka kwenda kuangalia supu ambayo tulishainywa. Mke wangu ndo akaninong'oneza kwamba mwaka 2016, mashindano ya dunia, hapo hapo Ubelgiji pale Heusden-Zolder, ilikamatwa baiskeli ya Mbelgiji mwenzao ina mota ndani ya fremu, kesi ya kwanza kabisa kuthibitishwa, mwenyewe akafungiwa miaka sita. Yaani nilikuwa nimeenda msibani nikauliza marehemu alikuwa mwizi au vipi.

Baba mkwe huyo naye ni mgonjwa wa zamani. Yeye kwake duniani alikuwepo Erik De Vlaeminck, Mbelgiji mwenzake, mataji saba ya dunia ya saiklokrosi, la kwanza 1966, basi, wengine wote ni watoto wa kucheza. Sasa Mathieu van der Poel, Mholanzi, jirani kabisa wa kutaniana, mwaka 2025 pale Liévin Ufaransa naye akafikisha la saba. Mzee alizima tivii akaenda kufagia ua. Mvua inanyesha anafagia.

Tarehe moja mwezi wa kumi na moja, sikukuu ya watakatifu wote, watu wa dini wanaenda makaburini, sisi tukaenda Koppenberg, huko Oudenaarde. Ni kilima cha mawe, kuna mahali mwinuko unafika asilimia 22, halafu pembeni malisho ya ng'ombe yaliyolowa. Nikalipa kiingilio, NILILIPA jamani, kwenda kusimama kwenye tope. Kuna muziki wa ngoma za kizee unapigwa kwenye hema, kuna bia, kuna chipsi na mayonezi (chipsi zao sina ugomvi nazo, hapo nasema ukweli mbele ya Mungu), na baridi inapanda kuanzia kidole gumba inakuja juu polepole kama kodi ya nyumba. Saa nzima mbio. Wanazunguka, wanapita, huwajui, wote wamekuwa rangi ya udongo, wananchi wanapiga kelele majina sijui wanawatambuaje, mimi hata mwanaume na nguzo nilikuwa sitofautishi.

Nilichokipenda ni kimoja tu, pale wanapobadilishia baiskeli. Kumbe tope likikolea baiskeli inanenepa, ile kilo nane ya kuitundika kwenye mizani inakuwa mzigo, kwa hiyo anakuja mbio anaitupa, anadaka nyingine safi, anaondoka, na fundi wake anakimbia na ile chafu kwenye mashine ya maji ya presha, anaiosha, anaifuta, anatia mafuta, jamaa akizunguka kidogo tu anarudi kudai nyingine. Saa nzima hivyo. Nikamwambia rafiki yangu mmoja Mkongo wa Goma tunayefanya naye kazi, akacheka mpaka akakaa chini, akasema sisi kwetu chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedeli, inashuka na magunia ya viazi, ikipata tope unaisukuma, inaoshwa na mvua ya Mungu.

Haya. Sasa tufike kwenye balaa langu.

Ugonjwa wa hawa watu, ukiuchimba mpaka mzizi, ni tairi. Fremu ni geresha, tairi ndo dini. Sheria za mashindano makubwa zinasema upana usizidi milimita 33, basi wana chuma cha kupimia kama cha fundi mitambo, wanapima ya kila mtu hata kama anaenda nayo dukani. Kuna tairi ya mchanga haina meno karibu kabisa, hiyo ya kule Koksijde kwenye vilima vya mchanga vya pwani, kuna ya majani, kuna ya tope yenye meno kama ya mamba. Na haziwekwi hivi hivi, hapana, kuna zile za kushonwa zenye tyubu humo humo, zinabandikwa kwenye rimu kwa gundi, unapaka mkono wa kwanza unalala, unapaka wa pili unalala, nyumba nzima inanuka kama banda la fundi viatu. Jambo ambalo Shinyanga fundi pale chini ya mwembe anakumalizia huku anakusimulia habari za Simba na Yanga.

Halafu upepo. Upepo! Tairi ya gari langu ni bar 2.3, bar ndo kipimo cha presha. Hawa wanaendesha na bar moja na nusu, mwili mzima juu yake, na wanabishana kati ya moja nukta tano na moja nukta sita kama watu wanaogawana urithi. Ukijaza sana inateleza na kurukaruka, ukipunguza sana inagonga rimu au ile ya gundi inabanduka. Nimewasikiliza masaa mawili Ijumaa moja, usingizi unanichukua kwenye ndoo, wanapokezana tairi wanaibonyeza kwa kidole gumba mmoja baada ya mwingine, ikanifikia na mimi. Nikabonyeza. Sasa mimi nimebonyeza kama ninavyobonyeza papai sokoni, sina wazo lolote kichwani, nikasema tu ili niachwe, "Upepo umezidi hii." Nikarudisha.

Jumapili shemeji akapunguza. Akaenda kwenye mbio za watu wa kawaida, wale wa kazi zao na vitambi vyao, yeye siku zote anamaliza mkiani na wale wanaosindikizwa na mbwa. Akamaliza wa kumi na moja.

Ndugu zangu, nilikuwa na heshima ya kawaida tu kwenye ile familia. Mkwe anayependa chipsi. Leo hii baba mkwe ananivutia kiti. Ijumaa iliyofuata gereji nimekuta ndoo yangu imewekewa mto. Mmoja akanyoosha gurudumu, mwingine nyuma yake, wamepanga foleni kama kwa mganga, na kila mmoja ananieleza uzito wake, hali ya tope anakoenda, mvua imenyesha lini, ananiangalia machoni. Nikawaambia ukweli. Nikasema jamani mimi sijui kitu, hiki kidole kimezoea mapapai. Wakatazamana. Wakasema unaona, fundi wa kweli hajisifu.

Nikaona nitoke kwa akili, niwaharibie makusudi. Yule wa saba nukta tisa, mwenye maringo, nikambonyezea nikamwambia ongeza. Ongeza. Ongeza tena bwana usiogope. Kesho yake usiku ardhi yote ikaganda barafu, shamba likawa gumu kama lami, akapita kama risasi. Kaniletea keki nyumbani, yeye na mke wake.

Mimi hata maji nilikuwa nachota mbali na bomba ili nisiitwe mtaalamu wa bomba, leo najulikana mpaka mji wa jirani, watu nisiowajua wananitumia picha za tairi saa tano usiku, upande wa cheni, valvu chini, wanauliza "hii unaionaje?" Unaonaje upepo kwenye picha? Nikinyamaza wanadhani natafakari. Mke wangu ndo kabisa, nilidhani atanitetea, juzi namsikia kwenye simu anamwambia mwenzie "mume wangu ana mkono wa asili, kwao wamekulia kwenye baiskeli." Mama yake alibebwa kwenye Volvo akashushwa na Volvo, ya kwetu ya Phoenix leo imekuwa chuo cha utafiti.

Sasa hivi ni Jumamosi saa mbili asubuhi, nje nyuzi joto mbili, kamanyunyu kale ka huku kasikojua kuisha. Nilikuwa nimepanga kulala. Namuona dirishani shemeji anashusha baiskeli kwenye gari, wa pili anashusha, wa tatu amekuja na kijana wake wa miaka kumi na kabaiskeli kake, na kwenye gari la mwisho anashuka mzee simjui kabisa, ameshika magurudumu manne, mawili kila bega. Mke wangu ameshachemsha kahawa. Na mtoto wa watu amekaa ngazini kwangu, kavua glovu, anabonyeza tairi yake kwa kidole gumba huku amefumba macho, vile vile ninavyofanyaga mimi nikisinzia.