Lori Jipya Ndilo Linalohitaji Filta ya Pili

Wiki iliyopita nilipeleka kichwa changu kipya cha lori kwa servisi ya kwanza. Kilikuwa kimeenda safari mbili tu, Dar hadi Lubumbashi na kurudi. Nikamwambia msimamizi wa karakana kwamba nataka ifungwe filta ya pili ya oili, ile ya pembeni, kabla lori halijatoka getini. Akatikisa kichwa. "Bosi, hii injini ni mpya kabisa. Hayo ni mambo ya magari yaliyochoka. Subiri ifike kilomita laki tano ndiyo uje tuzungumze." Mafundi wawili waliokuwa chini ya gari la jirani wakamuunga mkono.

Maneno hayo bado yananichoma, kwa sababu miaka iliyopita niliyaamini.

Lori langu lililotangulia nililitunza kuliko nyumba yangu. Oili nilimwaga kwa wakati, sikuchanganya aina mbili hata siku moja, na filta nilinunua zile za bei, si zile za kuokoteza. Siku moja likapanda mlima Kitonga na mzigo mzito, taa ya presha ya oili ikawaka. Dereva alizima injini palepale, namshukuru hadi leo. Tulipofungua chini, beringi za krenki, ule mhimili mkuu unaozunguka ndani ya injini, zilikuwa na mistari kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga. Krenki ikaenda kuchongwa. Lori likasimama miezi miwili, marejesho ya benki hayakusimama hata siku moja. Fundi aliyeifungua, mzee wa Iringa mwenye miaka mingi kwenye injini za malori, alinishikisha beringi moja mkononi akasema: "Mwanangu, hii haijaanza Kitonga. Hii imeanza wiki uliyoinunua."

Nilimbishia. Nikamwonyesha daftari langu la servisi. Hakulisoma. Alichukua kisu, akakata filta niliyoitoa servisi ya mwisho, akaikunjua karatasi yake juani. Ilikuwa imenasa uchafu kweli. Akaniuliza: "Na ule uliopita?"

Swali hilo ndilo lililonibadilisha. Filta kubwa tunayoijua sote inapitisha oili yote inayokwenda kwenye injini. Kwa hiyo haiwezi kuwa na matundu madogo mno. Ikibana sana, oili nzito ya alfajiri ya Makambako, ile baridi ya mwezi wa saba, haitapita haraka na beringi zitakaa kavu. Ndiyo maana ndani yake kuna vali: oili ikishindwa kupita, vali inafunguka na oili inakwenda kwenye injini bila kuchujwa kabisa. Hata inapofanya kazi yake vizuri, filta nyingi za aina hiyo zinanasa kwa uhakika chembe za kuanzia maikroni 25 hadi 40; maikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita. Unywele wako ni kama maikroni 70, kwa hiyo wengi wakisikia 25 wanaridhika.

Wasiridhike. Utando wa oili unaoitenganisha krenki na beringi injini ikiwa na mzigo unaweza kuwa maikroni chache tu, na kati ya ringi za pistoni na silinda ni mwembamba zaidi. Chembe kubwa ya maikroni 50 itakamatwa na filta. Ile ndogo sana itapita katikati ya utando bila kugusa upande wowote. Mwuaji ni yule wa katikati, chembe ya maikroni 5, 10, 15. Ni ndogo kiasi cha kuipita filta na ni kubwa kiasi cha kukwaruza chuma pande zote mbili kwa mpigo. Ikikwaruza, inabandua chembe nyingine za chuma, nazo zinaingia kwenye mzunguko na kukwaruza kwingine. Ukimwaga oili unaondoa chembe zilizobaki. Chuma kilichokwisha kuliwa hukirudishi.

Na hili limepimwa zamani. Mwaka 1988 lilichapishwa jaribio la General Motors kupitia SAE, jumuiya ya wahandisi wa magari. Ukilinganisha na filta ya maikroni 40, filta ya maikroni 30 ilipunguza kulika kwa injini kwa asilimia 50, na ile ya maikroni 15 kwa asilimia 70. Karibu miaka arobaini imepita, na sisi bado tunaambiwa tusubiri laki tano.

Filta ya pembeni haiingilii njia kuu. Inachota sehemu ndogo ya oili, kwa kawaida si zaidi ya asilimia 10, inaipitisha polepole kwenye kichujio kinene kilichoshindiliwa, kisha inairudisha kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Kwa kuwa haina haraka na hakuna beringi inayoisubiri, inaweza kunasa hadi chembe za maikroni mbili tatu, pamoja na masizi yaliyoshikamana. Lori likitembea saa moja, oili yote huwa imekwisha pita humo, pengine zaidi ya mara moja.

Sasa niambieni, ni wakati gani injini inatoa chuma kingi kuliko wakati wowote? Ni ikiwa mpya! Ringi hazijakaa, meno ya gia hayajazoeana, kuna mabaki ya uchongaji wa kiwandani, kuna gundi ya gasketi iliyobaki ndani. Peleka maabara sampuli ya oili ya injini mpya na ya injini iliyozoea, utaona chuma, shaba na silikoni viko juu kwenye ile mpya. Hapo ndipo tunaambiwa tukae kitako. Kisha injini ikishalika, ndipo filta inaruhusiwa. Ni kumchanja mtoto surua baada ya kuugua.

Na kama haya ni mambo ya magari yaliyochoka, mbona watengenezaji wenyewe wanayafunga kiwandani? Injini ya Volvo D13 inatoka na filta tatu za oili: mbili za njia kuu na moja ya pembeni. Scania wameweka rota, kikombe kinachozungushwa kwa kasi na presha ya oili yenyewe, uchafu unatupwa na kuganda ukutani kama ukoko wa ugali mweusi. Nani aliyewahi kusafisha rota ya Scania akasema haina kazi? Tena filta za oili za kwanza kabisa kwenye magari, miaka ya 1920, zilikuwa za pembeni. Hii ni akili ya zamani kuliko mafundi wote tunaobishana nao.

Nakubali mambo kadhaa, ingawa sipendi. La kwanza ni mipira. Ukiongeza filta umeongeza mipira miwili na maungio manne, na mpira mmoja ukipasuka usiku pale Mikumi, injini inakufa kabla dereva hajaona taa. Kwa hiyo mpira wa presha wenye waya ndani, si ule wa dizeli. Mbali na turbo na ekzosi. Ufungwe usisuguane na chesesi. Na kitundu cha kupunguza mtiririko kiwepo. Fundi asiyeelewa kitundu hicho ni cha nini asiguse lori lako. La pili ni waranti. Mimi niliwaomba walioniuzia lori wanionyeshe kwa maandishi kifungu kinachokataza, sikuonyeshwa. Lakini uulize kabla hujafunga, na jibu liwe kwenye karatasi.

La tatu linanihuzunisha zaidi, maana nimeona watu wakijiharibia. Filta hii haiifanyi oili iwe ya milele. Haiondoi dizeli iliyovujia kwenye oili, na viambato vinavyopigana na asidi vikiisha vimeisha. Maabara ya taifa ya Idaho, Marekani, ilianza mwaka 2002 kuzijaribu filta hizi kwenye mabasi manane ya kubebea wafanyakazi wake. Oili ilikaa muda mrefu sana, ndiyo, lakini walikuwa wakichukua sampuli kila maili 12,000. Kama hupimi, mwaga oili kwa ratiba ileile ya zamani.

Na tafadhali, tafadhali sana, acheni kupuliza filta ya hewa kwa kompresa na kuigongesha kwenye tairi. Vumbi la barabara za migodini linaingilia hapo. Karatasi ikitoboka, hakuna filta ya oili duniani itakayokuokoa.

Lori langu nililitoa kwenye karakana ile bila ugomvi. Nililipeleka Iringa kwa mzee yuleyule. Alitumia nusu siku, nyingi ya saa hizo akitafuta njia ya mipira na kuifunga vibano. Aliwasha injini, akazungukia kila ungio kwa tochi na kitambaa cheupe, akazima, akasubiri, akaongeza oili iliyokwenda kujaza filta mpya, akapima tena kijiti. Kisha akanipa kile kitambaa nimkabidhi dereva.

Jana usiku dereva alinipigia kutoka kwenye foleni ya mpaka wa Tunduma. Nilidhani ana shida ya karatasi. "Bosi," akasema, "nimepitisha kitambaa kwenye maungio yote manne. Pakavu."